Hata Kuaga Kunalipiwa

Mmeniuliza mashineni, mmeniuliza kisimani, na Jumapili nje ya kanisa mlinizunguka mpaka mchungaji akadhani nimefiwa. "Mama Eliza, Koinet aliondoka vizuri? Mzee alimwahi? Na yule kondoo je?" Nimewajibu vipande vipande hadi nimeanza kujichanganya mwenyewe. Basi naandika yote mara moja. Asiyejua kusoma asomewe, na asiyeamini aje aone miguu yangu ilivyovimba.

Mambo ya pasi ya kusafiria na sindano sitayagusa, hayo Koinet alihangaika nayo mwenyewe na mpaka leo sijayaelewa. Nitasema ya njiani tu. Na ya njiani, jamani, ni makubwa. Nilijua sukari imepanda, nilijua sabuni haionekani. Sikujua kwamba siku hizi hata kumuaga mtu kuna bei yake.

Ganako hadi Olbalbal

Nyie Koinet mnamjua, lakini haya yatasomwa hata na dada zangu wa Mbulu, kwa hiyo nimtaje vizuri. Ni kijana wa Kimaasai, mtoto wa Mzee Lembris wa Olbalbal. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo. Alipoletwa Karatu kusoma alitua kwangu hapa Ganako, na kwangu akakaa hadi akamaliza sekondari. Ananiita yeyo, yaani mama, na mimi namwita mwanangu. Babu zangu Wairaqw na babu zake waliibiana ng'ombe mpaka wakachoka. Mimi na mzee tukaamua tugawane mtoto. Sasa amepata nafasi ya kwenda Ulaya kusomea udaktari wa mifugo. Ni miaka mingi, na mzee amebakiza meno ya kuhesabu.

Jumatatu kondakta wa basi akaniletea salamu kutoka Arusha, ambako Koinet na wenzake walikuwa wameitwa kujiandaa. Safari imevutwa mbele, ndege ni Alhamisi. "Anasema umlete baba yake na maziwa," kondakta akaniambia. "Anasema bila hayo atakwenda, lakini atakwenda kama mtu aliyefukuzwa kwao."

Maneno hayo yalinichoma. Kwa Wamaasai mtoto haendi mbali bila baba yake kumpulizia maziwa ya kibuyu na kumtemea mate ya baraka. Nyie mnacheka mate, lakini kwao ndilo neno jema la mwisho. Na mzee alikuwa huko Olbalbal na ng'ombe, hana habari hata ya siku.

Nikachukua ule mchango wenu wa kikundi cha akina mama, nikaongeza na hela ya kuku wangu, nikapanda lori la mahindi. Nauli niliyoijua mimi ilikuwa ya mwaka jana. Utingo aliponitajia ya mwaka huu nilidhani ananitania.

"Umeniuzia lori au umenipandisha?" nikamwuliza.

"Mama, dizeli hakuna."

"Kama dizeli hakuna, hili linakwenda kwa maombi?"

Watu juu ya magunia wakacheka, lakini nililipa. Tukafika kwenye geti la Ngorongoro, tukangoja mpaka ukungu ukatupanda mgongoni, huku magari ya watalii yakipita. Dereva akarudi akatuchangisha tena, eti lori limepandishiwa kiingilio cha geti. Haya, lori limepandishiwa, nalipa mimi? Kule juu ukingoni mwa kreta baridi ilikuwa ya kukata masikio, kule chini Olbalbal jua na vumbi kama siku ya kupepeta ulezi. Niliposhuka sikuwa na sura ya mtu.

Pale bomani bibi mmoja mke wa nduguye mzee alinipa maji. Maji yale yalikuwa yameletwa na punda kutoka mbali, nusu siku ya kutembea. Alinijazia kikombe, akakijaza tena, akaniambia ninawe na uso. Yakumbukeni maji hayo, nitayarudia.

Olbalbal hadi Karatu

Mzee Lembris aliposikia siku imevutwa mbele, aliingia zizini. Asubuhi akatoka na kibuyu cha maziwa ya ng'ombe ambaye Koinet alipewa alipozaliwa, akachukua fimbo yake, ile ya mzeituni wa porini iliyovingirishwa waya wa shaba kichwani, ambayo hata kulala analala nayo. Na nyuma yake, kwa kamba, kondoo. Dume la kondoo lenye mkia wa mafuta, safi kabisa.

Nikajua ni la kuchinja njiani, la heshima yangu. Nikajisikia vizuri. Kumbe sikujua.

Utingo alipoliona akasema, "Huyo naye analipa."

Mzee akashangaa kweli kweli. "Kondoo iko na pesa wapi?"

"Unalipa wewe, mzee. Anachukua nafasi."

"Hapana kaa kwa kiti!"

"Hata wewe hukai kwenye kiti."

Na ni kweli, tulikuwa tunakaa juu ya magunia matupu. Mzee akafikiri kidogo, akambeba kondoo akampakata, akamfunika na shuka lake jekundu hadi ikabaki pua tu. "Sasa iko mimi," akasema. Lori zima likaangua kicheko. Lakini yule utingo hana huruma, alisema mtu mwenye pua mbili analipa mara mbili. Nikatoa tena.

Kupanda ukingoni lori likachemka, tukashuka, tukasubiri lipoe. Hapo ndipo nikamwuliza mzee tutamchinja wapi yule kondoo, kwangu Ganako au Arusha kwa binamu yangu.

"Hapana chinja," akasema. "Hii ya rubani."

"Rubani gani?"

"Ile nachukua Koinet."

Jamani! Macho yalinitoka. Mzee amefunga safari na kondoo kumpa rubani wa ndege! Nikamweleza kwamba rubani ana mshahara, kwamba rubani hata hashuki kusalimia watu, kwamba nauli ya ndege imeshalipwa na wakubwa. Alinisikiliza yote kwa adabu, kisha akaniuliza: "Yeyo, mtu akishika mkono ya mtoto yako, akamvusha maji kubwa, wewe unampa nini?"

Kwetu sisi Wairaqw mtu akikuvushia ndama tu mtoni humwachi aende mikono mitupu. Basi yule kondoo akaendelea kuwa wa rubani.

Karatu tulilala kwangu. Baba Eliza alipoambiwa habari za rubani alitoka nje akacheka peke yake huko kwenye migomba, akarudi na uso wa kanisani. Tulimpa mzee makande, yeye akatoa tumbaku. Wengine wenu mlikuja kumwona kondoo, mnakumbuka. Mama Tereza ukasema, "Mwambieni rubani akileta ngozi tutanunua." Mzee hakuelewa, na mimi sikumtafsiria.

Karatu hadi Mto wa Mbu

Basi la Jumatano. Mtu nauli yake, imepanda. Mzigo nauli yake, mpya. Kondoo akawekwa juu kwenye keria pamoja na vitunguu vya watu, na kondakta akasema huyo ni mzigo wenye roho, una bei yake. Nikamwuliza bei hiyo imeandikwa wapi. Akaniambia, "Kichwani mwangu, mama." Nikalipa kwa kichwa chake.

Tumeiacha Rhotia, tunaanza kushuka ule mteremko unaotazama ziwa, tairi likapasuka. Hapo lawama si za mtu, ni mawe. Wanaume wakashuka wakashika spana, wanawake tukakaa kivulini. Lakini sikilizeni kilichofuata. Walipomaliza kuziba, kondakta akapita na kofia.

"Hii ya nini tena?"

"Ya kiraka."

"Kiraka cha tairi lako?"

"Tairi lilikuwa limekubeba wewe, mama."

Niliinuka. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa kikundi chetu hapaswi kuyasema, na sitayaandika. Abiria wakaniunga mkono kwa kelele, kisha mmoja mmoja wakatoa. Wote! Niligeuka nikakuta nimebaki peke yangu na hasira zangu, hata mzee ananivuta kanga: "Yeyo, toa, twende. Koinet nangoja." Kwa ajili ya Koinet nikatoa.

Mto wa Mbu tulishuka kula. Mimi nilikuwa na njaa ya kuona nyota, nikaagiza wali na samaki. Sahani ilipofika mzee alisogea mpaka mwisho wa benchi. "Yeyo," akaniuliza polepole asinitie aibu mbele ya watu, "hiyo nyoka wamekupa kwa makusudi?" Nilicheka hadi wali ukanipalia. Yeye hakutaka kitu, alinyonya tumbaku yake akamtazama kondoo juu ya basi.

Wakati wa kulipa mwenye hoteli akahesabu wali, akahesabu samaki, akahesabu na benchi. Ndiyo, benchi! Asiyekula analipia kukaa. Nikamwuliza na maji je, yale niliyokunywa wakati wali umenipalia? Akasema hayo ameshayahesabu.

Maji! Na mto ule pale nyuma ya jiko, unausikia unavyopita. Nikamkumbuka yule bibi wa Olbalbal na kikombe chake. Nilihisi aibu utadhani nimetukana mimi. Mzee aliuliza ugomvi ni wa nini, nikamwambia ni samaki tu. Sikuweza kumwambia ni maji.

Makuyuni hadi Arusha

Makuyuni kuna kizuizi cha mazao na mifugo, hilo sote tunalijua. Nilichosahau ni kwamba kondoo naye ni mfugo. Walimshusha, wakamgeuza, wakamtazama meno, wakauliza anakwenda kuuzwa mnada gani.

"Hapana uza," mzee akasema. "Nakwenda ndege."

"Anakwenda kupanda ndege?"

"Hapana panda. Ni ya rubani."

Wale vijana wawili walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye vumbi. Wakaita na wenzao waje wasikie. Mimi nilikaza macho yangu mbali, nikaanza kuwaza kwamba watu wakicheka hivi watatuachia tu. Wapi! Walipokwisha kufuta machozi wakaniambia ushuru wa kumpitisha mnyama ni huu hapa, mama. Kicheko chao hakikupunguza hata senti.

Nikatoa ile hela niliyoifunga kwenye pindo la kanga, ile ambayo nilikuwa nimeapa ni ya kurudia nyumbani. Kuanzia pale nilijua kwamba kurudi ni kwa uwezo wa Mungu.

Arusha tulilala kwa binamu yangu, mtu mzuri, hakutulipisha. Nilimwangalia sana asubuhi alipotupa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, nikingoja anitajie bei.

Uwanjani

Mabasi hayaingii uwanja wa ndege. Yanakushusha njia panda, na pale kuna teksi. Bei ya teksi kutoka njia panda hadi uwanjani ilikaribia nauli yote tuliyotoka nayo Arusha. Nikasema hapana, mimi ni mwanamke wa kutembea. Mwenye teksi akatazama saa yake, akatazama kondoo, akasema, "Ndege ya Ulaya? Mama, hutaiwahi kwa miguu." Tukapanda. Kondoo akaingia nyuma kwenye buti, kichwa nje.

Kufika karibu na majengo kuna mti umelazwa njiani, na mlinzi kando yake. Teksi ikasimama. Dereva akageuka kwangu. "Ya geti ni juu yenu."

"Ya geti gani?"

"Gari ikiingia kushusha msafiri inalipia. Ikikaa inalipia tena. Wamepandisha tangu mwezi uliopita."

"Kushusha? Ya kushusha mtu?"

"Ya kushusha mtu."

Ndugu zangu, kwetu mgeni akiondoka humwagi mlangoni. Unatoka naye, unavuka naye shamba, unavuka naye korongo, na ukimpenda unajikuta umefika kwao na yeye anaanza kukusindikiza wewe. Kinachotumika ni miguu yako. Sasa hapa wameweka mti katikati ya msindikizaji na msafiri, na mti unataka hela!

Nikamwambia mzee tushuke, tutaingia kwa miguu. Mlinzi, mtu mzima mwenye koti la kijani, akasema watu wa miguu wanapita bila shida. Kisha akamwona kondoo. Akavua kofia akakuna kichwa. Alikuwa na bei ya gari dogo, bei ya basi, bei ya lori.

"Huyu sina bei yake," akasema.

"Basi si apite bure?"

"Kisicho na bei hakipiti, mama."

Nikacheka kwa uchungu. Tukamfunga kondoo nyuma ya kibanda cha mlinzi, mzee akamwelekeza majani ya kumpa, na tukaenda mbio, mimi na viatu mkononi.

Ndani, ngazi za kupanda kwenye baraza la juu, lile la kuangalia ndege. Chini ya ngazi dirisha dogo, na dada mmoja ndani.

"Wasindikizaji ni kwa tiketi," akasema.

"Tiketi ya nini? Mimi siendi popote."

"Ya kuangalia."

"Kuangalia?"

"Ndiyo mama, kuangalia."

Pale ndipo nilipoishiwa. Kwenye ubao bei ya zamani ilikuwa imekwanguliwa na mpya kupakwa juu yake, rangi bado inang'aa. Nikafungua kitambaa changu nikahesabu, nikahesabu tena kama mwendawazimu. Ilitosha mmoja. Na kwa wakati ule tulishaambiwa Koinet na wenzake hawajafika, lakini wakifika watapitishwa moja kwa moja, hakuna kusimama nao.

Nawaambia ukweli, nilitaka tiketi ile. Nimemlea yule mtoto. Nimemtoa funza miguuni, nimemuuguza malaria, nimemwona akijifunza kula samaki kwa siri. Nilisimama na ile hela mkononi na moyo wangu ukasema, Mama Eliza, ni wewe. Kisha nikaona kibuyu. Mzee amekishika kwa mikono miwili tangu Olbalbal, hakukiweka chini hata kwenye basi. Nikanunua tiketi, nikampa.

"Na wewe yeyo?"

"Mimi nitamwonea hapa chini."

Akapanda ngazi mbili, mlinzi wa ndani akamzuia. Fimbo hairuhusiwi juu, ni silaha. Mzee hakuelewa. Fimbo kwa mzee wa Kimaasai ni kama meno yake. Huwezi kumwambia aiache. Na wakati tunabishana, akapita mtalii mmoja mwenye kofia kubwa, kabeba mkuki wa Kimaasai umefungwa magazeti, na ngao, na marungu mawili. Akasalimiwa vizuri, akapita! Mzee akauangalia mkuki ule hadi ukapotelea mlangoni. Akanikabidhi fimbo, akapanda na kibuyu.

Nikatoka nje nikasimama pale magari yanaposhushia. Hazikupita dakika nyingi likaja basi dogo, dereva anapiga kelele kabla halijasimama: "Shukeni haraka, haraka, tukikaa wanatuongezea!" Wakamwagika vijana, wote wamenyolewa, wote wamevaa suti za kijivu za kitambaa kimoja, inaelekea za fundi mmoja. Niliangaza, sikumwona mwanangu. Nimemlea, na sikumwona! Mpaka mmoja alipokuja akainamisha kichwa mbele yangu, kama alivyofanya kila asubuhi jikoni kwangu, aguswe utosini kama wanavyosalimiwa watoto kwao.

Nikaweka mkono. Nywele hakuna, jasho tu.

"Yeyo. Baba yuko wapi?"

"Yuko juu barazani, na maziwa."

Akatazama juu, akatazama wenzake, akajitazama. Nikaona uso wake unabadilika. "Atanijuaje?"

Mzee macho yake ya mbali yanajua ng'ombe, yanajua mwendo wa mtu mwenye shuka. Suti ya kijivu hajawahi kuiona kwa mwanaye. Kule nyuma mtu wao anaita majina, dereva anapiga honi. Nikaangalia mikono yangu, nikaona nimeshika nini.

"Chukua hii," nikamwambia. "Iinue juu ukitembea. Atakujua."

Alichukua fimbo ya baba yake, na wakamvuta. Mlangoni nilimwona mtu wa mizigo anamwuliza, "Hii nini, ya ukumbusho?" na Koinet anaitikia kwa kichwa. Kisha mlango ukafungwa, na nilichosikia baada ya hapo ni ngurumo tu. Sikuiona ndege. Kuiona ni kwa tiketi.

Mzee alishuka wa mwisho kabisa. Kibuyu kitupu. Nilimwuliza kabla hajamaliza ngazi: "Ulimwona?"

"Naona vijana wanatoka, wote nguo moja, wote kichwa moja," akasema. "Nasema Koinet iko wapi? Sioni. Wanaenda, wanaisha! Basi nikashika maziwa, nikabariki ya mbele, nikabariki ya pili, nikabariki wote. Nikasema mmoja ni ya kwangu. Mama mzungu chini amepata kwa kofia, nafikiri amekasirika. Kibuyu ikaisha." Akakipindua kionekane kitupu. "Halafu naona fimbo yangu inatembea."

"Ukafanyaje, maziwa yamekwisha?"

"Nilimtemea ya mdomo. Mbali, haifiki. Lakini akasimama. Watu wanamsukuma, yeye amesimama, ameinama hivi, kichwa chini. Na mimi nikanyoosha mkono hivi."

Akanyoosha mkono wake hewani, kiganja chini, kama mtu anayegusa kichwa cha mtoto. Nililia pale pale mbele ya madirisha yao yote ya tiketi. Nikasema moyoni, hili nalo kama wana bei wanitajie.

Kurudi

Kule kwenye kizuizi kondoo alikuwa anakula kwa raha. Mlinzi akatuuliza kama tumempata mtu wetu. Mzee akamwuliza kama rubani atapita hapa. "Rubani? Si ameruka naye!" Mzee alitazama angani muda mrefu, kisha akafungua kamba akaitia mkononi mwa mlinzi.

"Bei gani?" mlinzi akauliza haraka, akaanza kupapasa mifuko.

"Bei ya nini? Hii ni zawadi ya nyumba ambayo imemtoa mtoto. Rubani hayupo. Wewe upo."

Ndugu zangu, mtu anayelipisha dunia nzima kupita mti wake alishika ile kamba kama ameshikishwa mtoto mchanga. Baadaye likaja gari aina ya Landrover lenye kreti za soda, linakwenda hoteli moja ya watalii Karatu, mlinzi akalisimamisha akamwomba dereva atuchukue. Dereva akasema hewala, pandeni. Tukakaa juu ya kreti, na mimi nikasema heri, kumbe bado kuna watu. Tulipanda ule mteremko tukiwa tumejaa vumbi, mzee hajui aweke wapi mkono wake wa kulia, mara magotini, mara kwenye kreti.

Tulipofika njia ya Ganako nikashuka nikashukuru kwa moyo wote. Dereva akanyoosha mkono.

"Na nauli, mama?"

Baba Eliza ilibidi alete maharage, debe zima, tukampimia pale barabarani. Mzee alisimama akaangalia maharage yanavyomiminwa mpaka punje ya mwisho, na gari likaondoka.

"Yeyo," akasema. "Ile fimbo. Kule mlangoni walitaka pesa ngapi?"

"Hawakutaka kitu, Mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ilipita bure."

Alinitazama kuhakikisha simdanganyi ili nimpoze. Kisha akatikisa kichwa polepole, na nikaona machozi yake kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Basi hiyo ndiyo nimempa mimi," akasema. "Hii ingine yote tumenunua tu."